Kuvuta Boti ya Oduor hadi Ziwani

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake. Mama Wairimu aliniuliza kama ni kweli nililala Londiani, tena kwa watu nisiowajua. Mama Kevo aliniuliza, huku akicheka, kama ni kweli nilienda kuolewa ziwani. Wengine mliniangalia tu pale kanisani mkanyamaza, na hiyo pia ni njia ya kuuliza. Nimeona niandike yote mara moja, ili Jumatano tukikutana kwenye kikundi chetu cha akina mama tuongee mambo mengine.

Kwa wale ambao hawakumjua Oduor: alikuwa fundi wa mbao, na zamani alipanga chumba katika ploti yetu hapa Kawangware, kile cha karibu na mfereji. Baadaye alihamia Mashimoni, Kibera, kwa sababu ya kazi, lakini urafiki wake na marehemu mume wangu, Baba Njeri, haukuhama. Jumapili jioni kama Baba Njeri hakuwa kwa Oduor, basi Oduor alikuwa kwetu. Ndipo wakaanza mambo ya boti. Oduor alitaka kutengeneza boti ya kuvulia aipeleke kwao karibu na Kendu Bay, mama yake awe akiikodisha kwa wavuvi. Baba Njeri akamwambia, "Wewe tengeneza. Kuivuta niachie mimi." Akatafuta ekseli ya pikapu iliyokufa, akachomelea trela hapa uani. Jipu yetu mnaijua, ni ndogo, ukipakia magunia manne ya viazi inaanza kulalamika. Lakini yeye aliiamini kuliko alivyoamini watu wengi.

Kisha Baba Njeri akafa, na trela ikabaki imeegemea ukuta. Mke wa Oduor naye akafa, watoto wao wakapelekwa kwa nyanya yao ziwani. Halafu Oduor mwenyewe akaanza kukonda. Ni ule ugonjwa ambao hatuutaji jina, na mimi pia sitautaja hapa. Boti ilipokaribia kwisha alikuwa akipiga msumari mmoja anakaa, anapumzika, anapiga mwingine.

Alikuja kwangu siku ya jua kali akiwa amevaa koti. Aliniambia anaenda nyumbani kwa basi, kwa sababu asipoenda sasa hataweza tena.

"Boti nimemaliza, Mama Njeri," akasema. "Lakini lazima ifike nikiwa hai. Nataka nisimame mbele ya watu niseme hii ni ya mama na watoto wangu. Nikienda kabla haijafika, ndugu zangu watasema ni mali ya ukoo. Wataichukua."

Nilimwambia nitaivuta.

"Wewe mwenyewe?"

"Kwani ni nani mwingine anaendesha hiyo gari?"

Akainamisha kichwa. Sijui kama alikuwa anashukuru au anaogopa.

Mashimoni hadi Ayany

Mashimoni gari haiingii. Niliacha jipu na trela pale Ayany, nikateremka kwa miguu kwenda kwenye kibanda cha Oduor. Yeye alikuwa ameshapanda basi. Boti ilikuwa imekaa pale ndani, nyekundu na nyeupe, imejaza kibanda chote mpaka hata ukifungua mlango lazima uingie kwa ubavu. Mbele kwenye ubao aliandika kwa rangi nyeusi: NYAR KIBERA. Kwa Kiluo ni binti wa Kibera.

Majirani zake ndio walioitoa, kwanza wakang'oa ukuta wa mbele wa kibanda. Wanaume wa pale kwenye kiosk ya maji waliacha mitungi, wengine wakatoka kanisani, wakaiinua mabegani. Njia za Mashimoni hazikupimwa kwa ajili ya boti. Mahali pengine waliilaza ubavu ndipo ikapita. Mama mmoja alianua nguo zake zote akashikilia kamba juu kwa fimbo. Mzee mmoja alitoa bati la pembeni la nyumba yake mwenyewe, akangoja tupite, akalirudisha. Watoto walifuata nyuma, na vijana waliokaa kwenye ukuta wakaniita.

"Niaje, mathe. Kwani mafuriko inakuja?"

"Inakuja," nikawaambia. "Mjipange."

Wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, na nilishangaa kusikia sauti yangu.

Pale Ayany tuliifunga juu ya trela kwa kamba, tukaifunika turubai la kijani, na nyuma tukafunga kitambaa chekundu ili magari yaone mzigo umezidi. Wakaweka na mizigo ya Oduor ndani ya boti: sanduku lake la vifaa, masufuria, godoro. Kisha wakanishika mkono mmoja mmoja na kurudi kwenye shughuli zao. Yule mzee wa bati ndiye alibaki nyuma kidogo.

"Na nani anakusindikiza?"

"Ni mimi tu."

"Basi endesha polepole," akasema, kisha naye akaenda.

Kawangware hadi chini ya mteremko

Nililala nyumbani, asubuhi nikatoka. Wapangaji walikuwa wanachota maji. Walinipungia mkono kama mtu anayeenda sokoni.

Kupitia Kikuyu sikuwa na shida. Unapovuta kitu unajifunza haraka kwamba gari lako si lako tena. Ukikata kona lazima uikate kwa upana, ukifunga breki lazima uanze mapema, na kioo cha pembeni kinakuonyesha boti tu. Jipu ilikuwa inaguna lakini inaenda.

Baada ya Rironi, mteremko wa Mai Mahiu ukaanza. Huko ndiko boti ilianza kutingisha mkia. Kwanza kidogo, kulia, kushoto, halafu ikazidi mpaka nyuma ya jipu ikawa inavutwa kama mtu ameishika shati. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde. Kulikuwa na lori nyuma yangu linapiga honi. Nilitaka kukanyaga breki kwa nguvu, lakini nilikumbuka Baba Njeri alivyokuwa akisema, ukikanyaga wakati trela inacheza itakupindua. Nikaachilia mafuta, nikashika usukani bila kupigana nao, nikarudi gia ya chini, na polepole ikatulia. Nilisimama pale wanapouza kofia na ngozi za kondoo. 

Muuzaji mmoja alikuja mbio na kofia. Aliponiona usoni akaziweka chini.

"Mama, uko sawa?"

Nilimwambia shida ni mzigo. Wale watu wema wa Ayany waliweka sanduku la vifaa nyuma kabisa, na uzito ukiwa nyuma ya magurudumu trela inakuwa nyepesi upande wa gari, inaanza kuchezacheza. Akanisaidia kulivuta hadi mbele, pamoja na masufuria. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

"Na mzee yuko wapi? Amekuachia hii kazi yote?"

"Yuko nyumbani," nikamwambia. Haukuwa uongo. Amelala kwao Githunguri, karibu na baba yake.

Baada ya hapo niliteremka kwa gia ya pili hadi chini. Bonde lote lilikuwa wazi mbele yangu, zuri kweli, na kiti cha kando hakikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mai Mahiu hadi Nakuru

Kizuizi cha kwanza cha polisi kilikuwa kabla ya Naivasha. Nilitayarisha leseni na bima. Askari alitembea kuelekea kwangu, akaliangalia turubai refu, akakiangalia kitambaa chekundu, na akavua kofia.

"Pole sana, mama," akasema. "Safari njema."

Akanifungulia njia. Nilikuwa nimeshafika mbali ndipo nikaelewa. Kitambaa chekundu kwenye gari, kama wanavyofunga magari ya mazishi, mzigo mrefu umefunikwa, mwanamke peke yake. Aliona ninapeleka maiti nyumbani.

Vizuizi vilivyofuata vilikuwa hivyo hivyo. Mahali ambapo wengine waliteremshwa na kupekuliwa, mimi nilipewa pole. Niliwaza kukitoa kile kitambaa, lakini sheria ni sheria, mzigo ulikuwa umezidi.

Nakuru nilisimama nile. Niliagiza githeri na chai, nikakaa karibu na dirisha ili nione boti. Nilipokuwa nakula nikaona wanawake wa kanisa fulani, wamevaa vitambaa vyeupe, wanapita. Wakasimama. Wakanong'onezana. Halafu wakaizunguka trela, wakaanza kuimba ule wimbo tunaouimba kaburini.

Nikatoka mdomo ukiwa na githeri.

"Akina mama, hakuna maiti. Hii ni boti."

Mmoja wao, mnene, mwenye sauti nzuri, alikuja akanikumbatia. "Haya, mama. Haya. Tunajua."

"Ni boti kweli."

"Ndiyo, mama. Lia tu."

Alinishika kwa nguvu, mkono mmoja mgongoni, na sitawaficha: sikumsukuma mara moja. Tangu mazishi ya Baba Njeri hakuna mtu aliyenishika hivyo. Nilisimama pale hadi wimbo ukafika mwisho, kisha nikafungua kamba nikainua turubai. Waliona rangi nyekundu na nyeupe, wakaona godoro na masufuria. Wakaanza kucheka, wakashika midomo kwa aibu, wakacheka tena. Yule mnene hakucheka.

"Ni ya nani?"

"Ni ya mtu mgonjwa. Anaingoja."

"Jina lake?"

Nikamwambia. Akawanyamazisha wenzake, na wakamwombea Oduor hapo kando ya barabara, kwa jina, kama mtu wanayemjua. Kisha wakaenda zao, na mimi nikarudi ndani nikakuta chai imepoa.

Njia panda ya Londiani

Baada ya Mau Summit mvua ilianza. Barabara huko mashimo yamekula lami, unakwepa moja unaingia lingine, na trela inaingia katika yale uliyoyakwepa. Nilisikia harufu ya grisi inayoungua. Nikafikiri ni lori la mbele. Halafu nikaona moshi mwembamba kwenye gurudumu la kushoto la trela. Nikasimama, nikashuka, nikaweka mkono karibu na kikombe cha gurudumu, nikauondoa upesi. Beringi ilikuwa imekwisha. Ningeenda hatua chache zaidi gurudumu lingetoka lenyewe.

Karibu na hapo palikuwa na hoteli ndogo ya mabati. Mwenyewe ni mama wa Kikipsigis, watu wanamwita Mama Chebet, mrefu, si wa maneno mengi. Alituma habari kwa fundi. Fundi akaja na baiskeli, akafungua, akatikisa kichwa. Beringi ya ekseli ile ya zamani haikuwepo Londiani. Ilibidi atume mtu wa lori ailete kutoka Nakuru, na lori lingerudi likirudi.

"Utalala hapa," Mama Chebet akasema. Hakuuliza.

Mnajua watu wetu walivyofukuzwa sehemu zile miaka hii, na mnajua mimi ni Mkikuyu. Aliponiuliza jina, niliangalia mlango kwanza.

"Naitwa Mama Njeri."

Alikuwa anakoroga ugali. Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea.

"Nilikuwa na jirani anaitwa Njeri," akasema. "Hapo ng'ambo ya mto. Walihama."

Alinipa ugali na mboga, na maziwa ya mala kutoka kwenye kibuyu, yenye rangi ya majivu. Sikuwa nimewahi kuyanywa. Nilifikiri yameingia uchafu, kumbe ni mkaa wanaopaka ndani ya kibuyu, nikawa nayaangalia. Akachukua kikombe changu, akanywa kidogo mbele yangu, akanirudishia. Nikanywa yote.

Jioni aliwasha redio kwa ajili ya matangazo ya vifo. Kwao ni desturi, kila mtu hukaa kimya asikie kama kuna anayemjua. Nilikaa kwenye stuli karibu na moto nikasikiliza majina yakisomwa, mtoto wa fulani, mume wa fulani, mwili utaondoka chumba cha maiti. Kila waliposema Kendu Bay au Homa Bay niliinua kichwa. Walisoma Oduor mmoja, nikashika ukingo wa stuli, kumbe alikuwa mwalimu wa Siaya, mzee. Mama Chebet alikuwa ananiangalia.

"Unamsubiri nani?"

Nikamweleza habari ya boti, yote, hata Baba Njeri. Mvua ilikuwa inapiga mabati hivyo ilibidi niongee kwa sauti kubwa mambo ambayo sijawahi kuyasema hata kwa sauti ndogo.

Siku iliyofuata lori halikuja. Nilikaa kwenye mlango wa hoteli nikiangalia barabara, na jioni tukasikiliza redio tena. Siku baada ya hiyo beringi ikafika, fundi akaifunga, akapaka grisi kwenye magurudumu yote mawili. Mama Chebet alinifungia mahindi ya kuchemsha kwenye gazeti.

"Njeri akiwa Nairobi," akasema, "huko mnakoishi mnapaita nini? Kawangware?"

"Ndiyo, waliohama wako wengi huko."

"Ukikutana naye mwambie cherehani yake iko. Naitia mafuta."

Nimeuliza wengi tangu nirudi. Kama mmoja wenu anamjua Njeri aliyehama kutoka Londiani, aniambie.

Kericho hadi Kendu Bay

Kericho nilipita majani ya chai bila kusimama. Kisha barabara inashuka, na joto linapanda kutoka chini kama umefungua sufuria. Nilivua sweta Awasi. Kutoka Ahero nikakata kushoto kuelekea Katito, na hapo ziwa likaanza kuonekana kwa mbali, kwanza kama mabati yanang'aa, halafu nikajua ni maji.

Oduor alikuwa amenielekeza kwa maneno tu: baada ya soko, uliza nyumbani kwa Oduor fundi. Niliuliza mwanamke aliyebeba samaki kichwani. Aliangalia turubai na kitambaa chekundu, akafanya ishara ya msalaba, akanionyesha njia ya vumbi upande wa kushoto.

"Kwa Oduor ni huko. Utaona hema."

Nilifuata njia ile. Niliona hema. Niliona viti vimepangwa, watu wamekaa chini ya kivuli, na moshi wa vyungu vikubwa. Nilisimamisha gari getini nikazima injini. Wanawake waliponiona wakaanza kulia kwa sauti wakija kwangu. Nilishindwa kushuka. Nilikaa na mikono kwenye usukani nikifikiri zile siku za Londiani, nikifikiri wanaume watakuja sasa wafungue kamba waichukue.

Mzee mmoja alinifungulia mlango. "Karibu, mama. Umeleta jeneza?"

"Nimeleta boti," nikasema. "Ya Oduor."

"Oduor hakuwa na boti. Oduor alikuwa karani wa shule."

Nikamwambia, Oduor fundi wa mbao, wa Kibera. Akageuka akaongea nao kwa Kiluo, kilio kikakatika, na mtu akacheka kwa pua.

"Huyo ni Oduor mwingine," mzee akasema. "Nyumba yake iko chini, karibu na maji. Huyo jana alikuwa anakunywa uji. Nilimwona mimi."

Walinilazimisha kula kwanza. Nilikula wali wa matanga ya mtu nisiyemjua, na sijawahi kula chakula kitamu hivyo. Nilipoondoka nililia, nikiwa peke yangu barabarani, kwa furaha na kwa yule karani.

Ufuoni

Oduor alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mama yake, kwenye kiti cha mbao, na blanketi miguuni. Alikuwa amebaki macho. Alisikia jipu kabla hajaiona, maana anajua sauti yake, na alipojaribu kusimama mama yake akamshika.

"Umechelewa," akasema.

"Ni beringi. Ya kushoto."

"Nilimwambia Baba Njeri ile ekseli ni mbaya."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Habari zilienea haraka. Watu wa ufuoni walikuja, na ndugu zake wakubwa wawili. Aliyekuwa akiongea ni Okumu, mwanaume mpana. Aliizunguka boti akiigonga kwa vidole. Kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo wewe ndiye mke wa Nairobi."

"Mimi si mke wa mtu yeyote hapa. Oduor alikuwa mpangaji wangu."

Watu walicheka, lakini yeye alikuwa anauliza kwa maana. Kama mimi ni mke, boti imeletwa na mke, na kwao mke na alichonacho hurithiwa na ndugu za mume. Ndiyo maneno Mama Kevo aliyoyasikia, sijui kutoka kwa nani.

Niliipeleka trela hadi majini kinyumenyume kwa jipu. Kurudisha trela nyuma ni kazi ngumu, unazungusha usukani huku nayo inaenda kule, na mbele ya watu wote wale niliharibu mara kadhaa kabla haijanyooka. Wavuvi wakaitelezesha boti ikaingia ziwani. Ilielea. Ilivuja kidogo kwenye mbao, na wakasema ni kawaida, mbao zikinywa maji zitafunga.

Oduor alibebwa na kiti chake hadi kwenye mchanga. Aliongea kwa Kiluo, sauti yake ndogo kiasi kwamba watu walikaribia mpaka wakamzunguka. Sikuelewa maneno, lakini niliona alivyomwonyesha mama yake, kisha watoto wake, mmoja mmoja, akitaja majina. Okumu alijibu kitu. Oduor akakohoa, akashindwa kuendelea, akaninyooshea mkono.

"Mama Njeri. Waambie kwa Kiswahili. Nilikuambia nini kule Kawangware."

Nikawaambia. Niliwaambia ni ya mama yake na ya watoto, isiuzwe, isigawanywe, na kwamba mimi nimeivuta kutoka Nairobi kwa sababu hiyo tu. Nikasema nitarudi kuiona. Okumu aliniangalia, akawaangalia watu wote wa ufuoni waliosikia, na akaitikia kwa kichwa. Kisha yeye mwenyewe akaingia majini mpaka magotini, akambeba mama yake kama mtoto, akamweka ndani ya boti.

Trela niliiacha huko, iwasaidie kuivuta boti nchi kavu wakati wa mawimbi. Asubuhi nilipoondoka Oduor alikuwa amelala. Mama yake alinishika mikono yote miwili akasema "Erokamano, erokamano," asante, asante, na hakuwa na Kiswahili cha kusema zaidi, wala mimi sikuwa na Kiluo. Habari zilizofuata mmezisikia wenyewe. Zilisomwa redioni, na majina ya watoto wote yalikuwemo.

Gilgil hadi Naivasha

Kurudi gari lilikuwa jepesi kupita kiasi. Lilirukaruka kwenye mashimo, na kila mara niliangalia kioo cha pembeni nikaona barabara tu. Nilikata kona kwa upana bila sababu.

Baada ya Gilgil nilimkuta mwanaume amesimama kando ya gari dogo la zamani, boneti wazi. Mtu mzima, amevaa tai na miwani, kama mwalimu. Kila gari lilikuwa linampita. Nilisimama.

"Imekata tu," akasema. "Haitaki kabisa. Ningepata mtu wa kunifikisha Naivasha kwa fundi."

Nilikuwa na zile kamba za boti. Nilizikunja mara mbili, nikafunga mbele ya gari lake na nyuma ya jipu. Nikamweleza: "Wewe ndiye utafunga breki, si mimi. Kamba isilegee, ikilegea halafu ikivutika ghafla itakatika. Nikitoa mkono dirishani, ujue napunguza. Ukiwa na shida, piga honi."

"Honi pia imekufa."

"Basi washa taa."

"Hata taa."

"Basi punga mkono, nitaangalia kila saa."

Tukaenda. Polepole, kando kabisa, malori yakitupita. Jipu ilikuwa inaguna tena kama ilivyozoea. Kwenye kioo nilimwona vizuri, miwani yake, mikono yake miwili juu ya usukani, mbele kidogo kama mtu anayejifunza. Nikitoa mkono, naye anatoa wake, kuonyesha ameona. Kamba ilikaa imenyooka katikati yetu.

Na mimi nikaanza kuongea. Sijui ilianzia wapi. Nilimweleza habari za Oduor, na yule karani, na ule mkono mgongoni Nakuru. Nilimweleza kwamba Njeri wangu anasoma India na huandika barua fupi. Nilimweleza jinsi nyumba inavyokuwa baada ya saa ya chai. Nilijua hasikii, madirisha yalikuwa mawili na injini katikati, na ndiyo sababu niliweza.

Naivasha tulimwingiza kwenye gereji. Alishuka, akafungua kamba mwenyewe, akaikunja vizuri akanipa. Akasimama pale akisafisha miwani kwa ncha ya tai.

"Nikwambie kitu, mama, usicheke?"

"Sema."

"Nilikuwa naongea na wewe njia yote."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Mambo tu," akasema. "Ya nyumbani."

Nilitaka kumwuliza ni mambo gani, na labda yeye pia alitaka niulize. Lakini fundi alikuwa ameshaingiza kichwa ndani ya boneti na kumwita.

"Mimi pia," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akavaa miwani yake. Niliingia garini, nikatoka pale gereji, na kutoka Naivasha hadi Kawangware sikusema neno.